Nani Anazungusha Sahani?

Marekani kuna watu wengi tu, walimu, madereva wa malori, wastaafu, ambao jioni wakishakula huingia gereji, huwasha taa na kukaa mbele ya meza ya mbao wakitengeneza risasi. Hawaanzi kutoka sifuri. Wameokota maganda matupu waliyoyafyatua wenyewe kwenye uwanja wa shabaha, wameyasafisha, na sasa wanayarudisha umbo lake, wanayatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Jumamosi wanarudi nazo uwanjani. Sheria ya shirikisho haiwadai leseni, ilimradi hawazitengenezi ili kuuza.

Kwetu jambo hili halina nafasi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, Kenya nayo ina ya kwake ya zamani zaidi, na kote mtu akikutwa anatengeneza risasi chumbani kwake bila kibali, habari zake utazisoma ukurasa wa mbele. Risasi zetu zina kwao: Shirika la Mzinga pale Morogoro, kiwanda cha Eldoret, au kwa mfanyabiashara mwenye karatasi zake. Kwa hiyo nakuelewa, wewe uliyekuja hapa kutafuta riwaya, ukijiuliza tunatafuta nini kwenye gereji za watu.

Rafiki yangu mmoja alihamia Texas, akaingia kwenye mashindano ya shabaha, na baada ya miezi kadhaa akanitumia picha mbili. Chini yake ameandika: “Kaka, wewe unayesoma sana, ungechukua ipi?” Nilidhani ananitania. Nikaanza kusoma kuhusu zile mashine, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali lake ni lilelile ambalo wanafalsafa wamekuwa wakilizungukia muda mrefu: umakini wa mtu unaweza kukabidhiwa chombo? Na ukishakabidhiwa, dhamana inabaki kwa nani?

Lazima kwanza nieleze mashine, maana hoja yote imekaa humo. Mashine yenyewe huitwa presi. Picha ya kwanza ilikuwa presi ya hatua moja, kama ile Rock Chucker ya kampuni ya RCBS: chuma kizito, mpini mmoja, kalibu moja. Unachukua ganda, unavuta mpini, kazi moja imefanyika. Unaweka kando, unachukua la pili. Ukimaliza maganda yote kwa kazi hiyo, unabadilisha kalibu na kuanza upya kwa kazi inayofuata. Ganda moja linapita mikononi mwako mara tatu, nne, tano kabla halijawa risasi kamili.

Picha ya pili ilikuwa presi ya mfululizo, RL 550 ya kampuni ya Dillon kutoka Arizona. Hii ina sahani ya duara yenye vituo vinne, na kila kituo kina ganda lake. Ukivuta mpini mara moja, kazi nne zinafanyika kwa pamoja: ganda la kwanza linarudishwa umbo, la pili linatiwa baruti, la tatu linakalishwa kichwa, la nne linakazwa mdomo. Sahani inazunguka hatua moja, unavuta tena. Piga hesabu mwenyewe. Risasi 100 kwa presi ya hatua moja, kama kazi ni nne, ni mivuto 400. Kwa presi ya mfululizo, risasi ya kwanza hukamilika kwenye mvuto wa nne, na baada ya hapo kila mvuto unadondosha risasi moja kisandukuni. Jumla 103.

Hiyo tofauti ya mivuto 297 ndiyo inayouzwa. Mtu anayeshindana kila wiki anatumia mamia ya risasi, na anayetaka kupanda daraja anatumia zaidi ya hapo mazoezini. Mchezo huu wa kufyatua huku unakimbia ulipata shirikisho lake la kimataifa mwaka 1976, na presi za mfululizo zimekua pamoja nao. Huwezi kuwa mshindani wa kweli na huku kila jioni yako inaishia kwenye mpini. Halafu ikaja miaka ya 2020 na 2021, risasi zikaadimika madukani Marekani nzima, fataki nazo zikaadimika, na watu ambao hawakuwahi kufikiria habari hizi wakaanza kuulizia presi.

Sasa kasoro yake iko wapi? Iko kwenye kituo cha pili, cha baruti.

Kuna makosa mawili ambayo kila anayefanya kazi hii anayajua kama dereva anavyojua kona mbaya ya barabara yake. La kwanza ni ganda kupita bila baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Mfyatuaji anasikia mlio dhaifu, anadhani bunduki imegoma, anakoki na kufyatua tena. Risasi ya pili inakuta njia imezibwa. La pili ni ganda kupata baruti mara mbili. Kwa bastola nyingi, kipimo kimoja hakijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo vipimo viwili vinaenea humo bila kumwagika, na kichwa kinakaa juu vizuri kabisa. Kwa nje risasi hiyo haina tofauti na mwenzake. Ukiziweka mezani mia moja, hutaijua.

Kwenye presi ya hatua moja, desturi ni kusimamisha maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, kuyatia baruti yote, kisha kuchukua tochi na kuchungulia moja baada ya jingine. Jicho linaona kina cha baruti kama mama anavyoona maji ya wali: hajapima kwa rula, ila akikosea anajua. Kwenye presi ya mfululizo ganda lenye baruti unaliona kwa muda wa kupepesa macho, linapotoka kituo cha pili kwenda cha tatu, na wakati huohuo mkono wako wa kushoto unaweka kichwa na wa kulia uko kwenye mpini.

Na hapa ndipo RL 550 ilipoanza kunivutia zaidi ya ilivyotarajiwa kwa kipande cha chuma. Sahani yake haizunguki yenyewe. Baada ya kila mvuto, wewe ndiye unayeisukuma kwa kidole. Ukisahau, ukavuta mpini tena, ganda lilelile linapata baruti ya pili. Wapinzani wake wanaona huo ni upungufu, na wana haki. Kuna presi nyingine, hata za kampuni hiyohiyo, pamoja na ile ya Hornady kutoka Nebraska, ambazo sahani huzunguka kwa nguvu ya mpini wenyewe. Zina vituo vitano, kwa hiyo kituo kimoja kinaweza kupewa kifaa cha kukagua baruti: kimoja kinapiga king'ora kama kiwango hakiko sawa, kingine kinaufunga mpini kabisa ukashindwa kuuvuta. Mashine inakataa kukosea kwa niaba yako.

Watetezi wa 550 wanajibu kwa jambo ambalo mwanzoni nililiona kama ukaidi tu wa wazee. Wanasema kidole kinachosukuma sahani ndicho kinachowaweka macho. Ukijua kwamba sahani haitazunguka bila wewe, hutaacha mawazo yako yaende kwenye mpira wa jana. Ukijua kwamba inazunguka yenyewe, utaanza kuvuta mpini kama mtu anayesukuma bembea.

Nimewapa watu hawa nusu ya ushindi, na sababu naipata mbali kabisa na bunduki. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio aliyofanya kwa ajili ya waendeshaji wa rada. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa na kuwaambia waseme kila mshale unaporuka hatua mbili badala ya moja. Kazi rahisi, mtoto anaiweza. Ndani ya nusu saa tu walianza kukosa mirukio ambayo mwanzoni waliiona. Binadamu hakuumbwa kutazama jambo ambalo karibu kila mara liko sawa. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliandika makala fupi kuhusu kinaya cha otomatiki, na hoja yake bado haijachakaa: ukiipa mashine sehemu nyepesi ya kazi, unachomwachia mtu ni kuisimamia na kuiokoa inapokwama, yaani sehemu ngumu zaidi, na tena unamnyima yale mazoezi ya kila siku ambayo yangemwezesha kuokoa.

Na hivyo ndivyo hasa inavyotokea mezani. Presi inayojizungusha haina shida inapokwenda. Shida ni pale inapokwama katikati. Fataki imekaa upande, ganda limepinda, mpini umegoma nusu ya safari. Mtu anatoa maganda mawili, anayatazama, anayarudisha. Hili lilikuwa limeshapata baruti au bado? Kwa dakika nzima mtu yule yuko kwenye hatua moja bila kalibu ya kumsaidia. Wazoefu wana kanuni moja kwa hali hiyo: usikumbuke, mwaga. Toa kila kilichoko kwenye sahani, mwaga baruti, anza upya. Naipenda kanuni hii kwa sababu haimwamini mtu pale ambapo mtu hujiamini kupita kiasi, kwenye kumbukumbu ya sekunde kumi zilizopita.

Nimesema nusu ya ushindi, sio wote. Ipo tabia ya kuutukuza utaratibu wa taratibu, sisi tunaopenda vitabu ndio wagonjwa wakubwa, kana kwamba kila kinachofanywa polepole kimefanywa kwa moyo. Sio kweli. Mtu mwenye kibao cha maganda hamsini anapigiwa simu akiwa kwenye safu ya tatu, akirudi hajui aliishia wapi. Kila ganda linapogusika mara tano kuna nafasi tano za kuliharibu. Uchovu wa mivuto 400 nao ni adui wa umakini. Presi ya mfululizo, kama kila mvuto umekwenda mpaka mwisho, ina utaratibu ambao hausahau mpangilio wake. Mtu mzembe atakuwa mzembe kwenye presi yoyote, ila ya haraka itamzalishia uzembe wake kwa wingi: kama kipimo cha baruti kimelegea bila yeye kujua, kwenye hatua moja atagundua baada ya kibao kimoja, kwenye mfululizo atakuwa na sanduku zima.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: si mkono wake? Aupasue akitaka. Uhuru wa mtu kujihatarisha naukubali. Lakini kwenye uwanja wa shabaha watu husimama bega kwa bega. Bastola inayopasuka haimgawii mwenye nayo peke yake vipande vyake. Jirani yake wa kulia, aliyelipia nafasi yake na kuja na risasi za kiwandani, hakuulizwa lolote kuhusu presi wala kuhusu ile simu iliyoita wakati wa safu ya tatu.

Mwaka 1976 Thomas Nagel na Bernard Williams waliandika, kila mmoja kwa njia yake, kuhusu bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva asiyekagua breki zake. Kama hakuna mtoto aliyekatiza barabara, atafika nyumbani, atakula, atalala, na kosa lake litabaki dogo. Kama mtoto alikatiza, huyo ni mtu mwingine maisha yake yote, ingawa alichofanya yeye ni kilekile. Watengeneza risasi wanaishi ndani ya mfano huu kuliko sisi wengine. Wengi wao wamewahi kutoa risasi yenye kasoro bila kujua. Iliingia kwenye bunduki imara, ikapiga kishindo kikubwa kidogo, ikasahaulika. Williams angetaka tujali anachohisi yule aliyepatwa na bahati mbaya. Mimi ninamfikiria zaidi huyu wa kwanza, aliyesalimika, ambaye hakupata hata taarifa kwamba alikuwa na la kujuta.

Sasa kuna desturi yao moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Wanaambiana, tena kwa msisitizo: usifyatue risasi iliyotengenezwa na mtu mwingine nyumbani, na za kwako usimpe mtu. Hata rafiki. Hata kaka yako. Mtu anajiamini vya kutosha kuweka risasi yake umbali wa inchi chache kutoka usoni mwake, lakini hajiamini vya kutosha kumpa mwenzake. Ukiangalia, hata sheria yao imepita mstari huohuo: kwa matumizi yako hakuna leseni, ukitaka kuuza, leseni.

Mwanzoni niliiona desturi hii ni ya ubinafsi, kisha nikamfikiria mama ntilie. Wali wake hauna nembo ya ukaguzi inayonihusu mimi mlaji, na jiko lake silijui. Nala kwa sababu yeye na wanawe wanakula kutoka sufuria hiyohiyo. Imani yangu imeegemea hatari tunayogawana. Lakini chakula kibaya hukidhihirisha chenyewe, kwa harufu au kwa ulimi. Risasi yenye baruti mara mbili haina harufu. Ndiyo maana mtengenezaji hawezi kunihamishia imani yake. Anachoamini yeye hakiko ndani ya risasi, kiko kwenye kumbukumbu yake ya jioni ile: alikuwa peke yake, redio imezimwa, hakuna aliyemsemesha, alichungulia kila ganda. Hayo hayaandikiki kwenye kisanduku. Anaweza kuandika tarehe, aina ya baruti, kipimo na uzito wa kichwa, na anapaswa kufanya hivyo. Hawezi kuandika “nilikuwa makini” kwa namna ambayo mimi nikiisoma itanitosha.

Kwa hiyo jibu la ipi ichukuliwe, mimi naliweka hivi. Anayeanza aanze na hatua moja, au na ile ya kichwa kinachozunguka, ambayo hushughulikia ganda moja kwa wakati lakini hukuondolea usumbufu wa kubadilisha kalibu. Ajifunze kwanza kuona. Akishahitaji wingi, achukue ya mfululizo, na kati ya hizo ningechagua yenye vituo vitano na kifaa cha kukagua baruti. Kidole cha watu wa 550 nakiheshimu, lakini kidole nacho huchoka, na jirani wa kulia anastahili ulinzi ambao hautegemei kama nililala vizuri. Juu ya hapo, baruti inayojaza ganda kiasi kwamba kipimo cha pili kitamwagika nje na kuonekana, vipimo kutoka kitabu kilichochapishwa na watengenezaji wenyewe, na taa juu ya kituo cha pili. Kampuni ya Dillon inajulikana kwa kuzitengeneza bure presi zake maisha yote. Dhamana nzuri. Ni ya presi.

Nimwulize pia rafiki yangu meza ataiweka wapi, maana kuna neno letu ambalo linanikaa kooni. Kiswahili kinaita risasi kile kinachotoka mtutuni, na kinaita risasi yale madini mazito ya kijivu, neno moja kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni madini. Lugha imekumbuka kitu ambacho gereji nyingi hukisahau. Fataki nyingi zina kemikali za risasi ndani yake. Kila ganda linaposukumwa fataki iliyokwisha, vumbi linatoka, na maganda yanaposafishwa kwenye chombo kikavu linatoka zaidi. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Presi ya haraka inadondosha fataki zilizotumika kwa mamia kwa saa. Mtu anatoka gereji, anapita jikoni, anambeba mwanawe. Huyo mtoto hashindani na mtu wala hana nafasi uwanjani, na hakuna king'ora cha kituo cha tatu kitakachomlilia. Kinachomlinda ni baba kunawa, kubadili shati, na kutoweka meza ile chumba anachochezea.

Wawindaji wetu wa zamani wenye magobore walikuwa nao na hatua yao moja: baruti ya mkononi, gololi, shindilia, elenga. Sitaki kuwapamba, gobore limewatoa watu macho na vidole. Ila mwenye gobore alikuwa anashindilia mshindo mmoja, na akiufyatua umekwisha. Hakuwa na akiba.

Presi ya mfululizo inaleta akiba. Mtu anayevuta mpini jioni mbili kwa wiki anaweza kuacha maelfu ya risasi rafuni, kwenye visanduku vya plastiki, zilizopangwa vizuri kuliko vitabu vyangu. Siku akifa, mjane na watoto wanakuta shehena ambayo kwa desturi ya marehemu mwenyewe hakuna mwingine anayepaswa kuifyatua. Wale wanaoheshimu desturi hiyo huzitengua. Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani: unaweka risasi humo, unaigonga juu ya mbao mara mbili tatu, kichwa kinachomoka, baruti unaimwaga pembeni. Inafanya moja kwa wakati.